Askari Niliyemzaa Sokoni

Ninyi vijana mnaofunga mabegi kila mwaka mkisema mnakwenda Mbarara kutafuta maisha, kaeni chini kwanza. Maisha hayakupotelea huko. Mimi mji nimeukaa. Choo chake nimekingojea mlangoni na ufunguo mkononi, maji yake nimeyanunua kwa bidoni, na nyanya zake nitawaeleza sasa hivi. Kuna mazuri mengi, sikatai. Ila mnayasifu kama mtu anayesifu mchumba wa picha.

Kabla ya hapo nilikaa Misiera, ndani ya Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda, fasi tulipofikishwa vita vilipotutoa Kivu ya Kusini. Misiera huwezi kuwa mtu mwingine. Kila mtu anajua ulitoka kilima gani, ulivuka na nani, na kwamba sufuria uliyofika nayo ilikuwa na tundu. Ukikohoa, jirani anauliza ulikula kwa nani. Nilichoka nao, sitawadanganya. Kwa hiyo binti yangu, ambaye ni fundi cherehani, alipopata fasi ya kuweka mashine yake kwenye baraza la duka mjini, akawaingiza binti zake watatu shule ya hukohuko na kuniita nimlindie nyumba, sikungoja wito wa pili. Kuku nikawagawa. Rwekubo, senta ya njiani, nikaipita bila kugeuza shingo.

Tulipanga chumba upande wa kambi ya jeshi, nyumba ya milango sita kwenye mstari mmoja. Mlango wa kwanza Muganda, wa pili Msomali, wa tatu sisi, wa nne mke wa askari aliyetoka kaskazini, wa tano mwalimu, wa sita kijana asiyesema anatoka wapi, na hakuna aliyemuuliza. Hilo lilinifurahisha wiki mbili. Wiki ya tatu nikaanza kulichukia. Asubuhi unamsalimu mtu, anakutazama kana kwamba umemwomba chumvi.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kinyankole, aliuza tonto, ile pombe yao ya ndizi, kwenye baraza lake mbele ya ua. Mjane huyo alisema mbele yangu, siku ya kwanza kabisa, kwamba yeye wakimbizi hawapangishi. Leo wapo, kesho wamepelekwa Amerika na chumba kimebaki wazi. Binti yangu akanikanyaga mguu. Nikanyamaza.

Sasa sikilizeni kuhusu nyanya. Mbarara watu wanasema Kinyankole. Kiswahili kwao ni cha jeshi, cha polisi, na cha mwizi mwenye bunduki. Mimi sikuyajua hayo. Nilikwenda sokoni, nikasimama mbele ya mama mmoja mwenye mafungu ya nyanya, nikamwambia kama nilivyozoea kuwaambia watu wa kwetu: "Ongeza! Hizi ni chache!" Akaongeza tatu haraka, macho chini. Nikasema moyoni, kumbe watu wa mji wana roho nzuri. Nikaenda kwa muuza maharage, naye akaongeza. Hata jamaa wa pikipiki waliokuwa wakipigiana kelele njiani walinipisha.

Siku nyingine yule mama wa nyanya akaniuliza kwa sauti ya chini, "Maama, kijana yako iko hapo kwa jeshi?"

Nikasema, "Mm."

Basi. Hapo ndipo nilipomzaa askari, nikiwa na miaka sitini na kitu, bila uchungu, mbele ya fungu la nyanya.

Sikusema uongo, nilikuwa nikijiambia. Nilisema "mm" tu. Lakini habari ilifika nyumbani kabla yangu, maana mji usiokujua jina unajua upesi sana wa kumwogopa. Mjane akaanza kuniita kaaka, yaani bibi kwa lugha yao, kwa heshima iliyoinama. Wengine aliwakataza kuwasha jiko la mbabula uani, mkaa unamchafulia ukuta. Mimi nilitwanga sombe kila asubuhi, kinu kinapiga duf, duf, mpaka vikombe vyake vinatetemeka kwenye kabati, naye akanipita akisema, "Kaaka, kazi njema." Majani ya mihogo ambayo kwao ni chakula cha mbuzi! Nilinenepa kwa heshima ile. Misiera hakuna aliyewahi kuniogopa isipokuwa kuku.

Miezi mitatu tukakaa hivyo. Halafu akaja mtu wa mabuti.

Alikuwa mwanaume mnene, mabuti ya jeshi miguuni, shati la kawaida juu. Kila mchana aliketi barazani kwa mjane, akanywa tonto mpaka akashiba, akasema kwa Kiswahili kikali kwamba yeye ni wa kambini na anayetaka malipo amfuate huko. Benchi moja alilivunja. Wateja wengine wakaanza kunywea kwingine.

Mjane akaja mlangoni kwangu, mikono imeshikana.

"Kaaka, mimi naomba wewe kitu moja. Ita kijana yako. Akuje na nguo yake ya kazi, huyo mtu amwone tu. Nitashukuru sana."

Nikamwambia nitaona. Nikafunga mlango. Mtoto wa kumwita nilikuwa sina. Na nikikosa kumleta, ataanza kuuliza, na akiuliza atajua sisi ni nani, na akijua tunarudi Nakivale: cherehani bila baraza, watoto watatu bila shule. Kwa "mm" moja.

Binti yangu aliporudi nikamweleza. Alikaa kwenye kitanda akashika kichwa.

"Mama, sema amepelekwa Somalia."

"Nani?"

"Huyo mtoto wako."

"Mimi sina mtoto Somalia."

"Hata Mbarara huna, na ukamzaa! Mpeleke basi Somalia, tafazali, tulale."

Siku mbili nilijificha. Nilikwenda kuomba kanisani mpaka mchungaji akaniuliza kama kuna mgonjwa. Siku ya tatu nikatoka, nikamkuta mke wa askari wa mlango wa nne anafua magwanda ya mume wake uani. Nikaona afadhali aibu mbele ya mmoja. Nikamwambia yote.

Hakuacha hata kufua.

"Mama, mimi najua zamani. Mama ya askari hawezi kaa mwezi tatu bila kulia. Leo mshahara imechelewa, kesho kijana amehamishwa, kesho kutwa simu haishiki. Wewe iko natwanga majani tu, nanenepa."

"Na hukusema?"

"Niseme kwa nani? Mimi nilikuwa nacheka peke yangu." Akakamua suruali. "Wewe navaa gwanda ya watu, hata kufua hufui! Haya, twende. Mimi nataka ona hiyo mabuti."

Akajifuta mikono, tukaenda barazani. Yule mtu alikuwa ameketi, mguu mmoja juu ya benchi lililobaki. Wateja watano au sita walikuwa pembeni, wamekunja mabega. Mjane akaniona, uso ukamng'aa.

Mke wa askari akasimama mbele ya yule mtu kama mwalimu.

"Afande, jambo. Iko batalioni gani?"

"Ya hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa juu. Wewe iko nani wa kuuliza?"

"Mimi iko bibi ya askari. Kampuni yako gani?"

Akatazama kibuyu chake. "Kampuni kubwa."

"Kampuni kubwa ya bia?"

Mzee mmoja akacheka mpaka tonto ikamtoka puani. Mwingine akasema hata yeye anayo mabuti kama yale, ya mtumba, na hajawahi kumpiga mtu saluti. Yule mtu akasimama. Akasema ana kazi, akatoa neno la matusi, akaondoka akitembea upesi kidogo kuliko mwenye kazi. Wakamzomea mpaka kona.

Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mgongo. Kiswahili chake kilikuwa kama changu, kikali fasi ambapo wengine hukipindisha, na kazi aliyokuwa akikifanyisha ilikuwa ileile. Yeye kilimpatia tonto, mimi nyanya.

Mjane akanishika mikono yote miwili. "Kaaka! Mwambie kijana yako asante. Hata hajakuja, jina yake imefukuza mtu!"

Ningeweza kusema "mm" ya pili. Mdomo ulikuwa umeshajikunja. Nikasema:

"Mama, sina kijana jeshini. Sijawahi kuwa naye. Mimi ni mkimbizi wa Nakivale, kwetu ni Kongo. Kile chumba cha tatu kina wakimbizi watano, na wote tumenyamaza."

Mjane akaachia mikono yangu. Akamgeukia mke wa askari, amemkazia macho.

"Na huyu?"

"Mimi iko ya kweli," akajibu, "na chumba yangu navuja tangu mwezi uliopita."

Mjane hakujua acheke au akasirike. Akanirudia. "Amerika mnaenda lini?"

"Ukisikia wewe, nikimbilie uniambie."

Akafikiri. Akaangalia benchi lililovunjika, akaangalia wateja waliorudi kukaa. "Basi kaeni," akasema. "Lakini chumba mtalipa mbele, si nyuma."

Asubuhi yake nilipoanza kutwanga, alitokea mlangoni. "Wewe mama wa Kongo! Hiyo kelele yako peleka nyuma ya choo!" Nikapeleka. Sokoni nikamwambia yule mama wa nyanya ukweli vilevile. Akanipa fungu langu kama lilivyo, chini yake moja imeoza. Nikalichukua. Hivyo ndivyo tulivyobaki Mbarara, na shule haikukatika. Ila heshima ya mji ilipungua mchana mmoja mpaka ikafikia kimo changu.

Jioni ya siku hiyo ya soko tulikuwa tunakula. Binti yangu alikuwa bado amevimba, anasema ningeweza kutuharibia wote kwa sababu ya uchu wa ukweli. Ndipo mjukuu mdogo akaweka mkono chini, hajamaliza chakula.

"Tate," akaniita, ndivyo kwetu wanavyomwita bibi, "sasa mwalimu nitamwambia nini?"

"Mwalimu ana nini?"

Wale wakubwa wawili wakatazama sahani. Mama yao naye akaacha kutafuna. Kumbe huko shuleni mjomba wao wa jeshi alikuwa na cheo, na farasi, na mara mbili alikuwa amewaokoa wasipigwe fimbo za kuchelewa.

Nikawaambia: "Kesho kabla ya kengele mnakwenda kwa mwalimu wote watatu. Mnasema hatuna mjomba jeshini, sisi tunatoka Nakivale. Atakayesema ni yule mkubwa wenu. Msilie, na fimbo mlizosamehewa, akizidai, mpokee."