Chipu Iliyopigwa Msasa

Saa nne asubuhi, dukani kwake Ngara, Lornah Ajwang ameinamia bodi ya mashine ya kufuma sweta, na anatukana kwa sauti ya chini. Chuma cha kulehemu kimeshapata moto. Macho yake yako kwenye chipu moja nyeusi, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, ambayo uso wake umesuguliwa hadi maandishi yote yakapotea.

"Hii haijafutika yenyewe," anasema. "Ni mtu alichukua msasa. Makusudi!"

Ni Desemba 1997. Mashine ni ya Mama Prabha, mwenye karakana mtaa wa pili, na ndani ya chipu hiyo ndimo ilimohifadhiwa michoro ya sweta za shule. Mashine imegoma kuitoa. Shule zinafunguliwa Januari, na wanawake wanane wanaofuma hapo wametumwa nyumbani wasubiri. Wakala wa mjini anayeuza mashine hizo alimwambia Prabha anunue mashine mpya. Hakufungua hata skrubu moja.

Lornah, mwenye miaka thelathini na tatu, ana njia yake. Huing'oa chipu, akaiweka kwenye soketi aliyoiunganisha nyaya mwenyewe, akaisoma moja kwa moja kwa kompyuta kuukuu.

"Mashine ni kama karani wa dirishani," anaeleza. "Akikataa kukuhudumia, unazunguka nyuma unafungua kabati mwenyewe."

Lakini kila aina ya chipu ina mpangilio wake wa miguu, vile vijiti vya chuma vinavyopitisha umeme. Ukipeleka umeme kwenye mguu usiofaa, michoro yote inaungua. Namba ya juu ndiyo humwambia fundi ameshika chipu gani, na namba ndiyo iliyofutwa.

Wako mafundi wanaofanya hivyo ili mteja asiweze kwenda kwingine. Ni roho mbaya tu, na haina haja ya kutafutiwa jina zuri. Kinachomchoma Lornah zaidi ni tone la rangi nyekundu ya kucha pembeni mwa chipu. Hiyo ni alama ya Surjit Singh, aliyemtoa kwenye kufagia duka lake akamfundisha ufundi.

Siku tatu zilizopita aliibeba bodi hadi Loresho, ambako Surjit, sasa mstaafu, anaishi kwa mwanawe.

"Mzee, hii ni chipu gani?"

Surjit akaigeuzageuza, akacheka. "Kazi yangu hii. Safi, eh?"

"Namba, Mzee. Ilikuwa namba gani?"

Mzee akaisogeza bodi karibu na macho. "Mimi nasahau, Lornah."

Akifika hapo katika kusimulia, sauti inampanda. "Angekataa, ningebishana na yeye. Lakini amesahau! Alificha hii kitu mpaka yeye mwenyewe hajui. Na wenye kuumia ni wale mama walio nyumbani!"

Tangu siku hiyo amekuwa akifuata njia za shaba za bodi kwa mita ya kupimia umeme, mguu baada ya mguu, hadi akajua kazi ya kila mmoja. Leo anaing'oa chipu. Prabha amesimama nyuma yake, mtandio ameukunja ngumini.

"Pole pole, Lornah. Usiunguze."

"Mama, usinisukume."

Chipu inaingia kwenye soketi. Lornah anabonyeza. Kioo cha kompyuta kinabaki cheusi, kisha nukta zinaanza kujipanga safu kwa safu: shingo, mistari miwili, nembo kifuani.

"Hiyo ya watoto wa shule ya Muthangari!" Prabha anapaza sauti. "Simu iko wapi? Niite wasichana wangu!"

Lornah hachekelei. Anainakili michoro kwenye chipu mpya, kisha anachukua rangi nyeupe na kuchora ndani ya kifuniko cha mashine miguu yote, kila mmoja na kazi yake. Jirani yake Oloo, fundi wa redio, anatikisa kichwa.

"Unajimwagia unga, dada. Sasa fundi yeyote ataitengeneza."

"Nyamaza, Oloo. Ningekuwa nimeachiwa mchoro kama huu, hao mama wangelala njaa?"

Kuanzia sasa, anasema, hakuna mashine itakayotoka dukani kwake bila mchoro kama huo. Na Jumapili atarudi Loresho na gunia la bodi zote alizonazo zenye tone hilo jekundu, akae na Surjit wakizitazama moja moja.

"Yeye ndiye alinifundisha. Siwezi kumwacha. Lakini kila namba atakayokumbuka, nitaiandika hapo juu ya chipu, kubwa, na yeye akiangalia."