Dada Samahani na Ukurasa Wake

Mama Mbiu ndiye aliyeanza. Alikuwa bombani, ndoo imeshajaa na inamwagika, naye hana habari, maana kwa Mama Mbiu mdomo ukishika kazi viungo vingine vyote huenda likizo.

"Nawaambia, yule wa chumba cha mwisho ana kesi," alisema. "Tena si moja. Kutwa yuko kwenye simu anaomba msamaha. Nimetega sikio mwenyewe. Samahani bwana, samahani mama, nakuelewa, una haki ya kukasirika. Sasa mtu mmoja mwenye akili zake anawezaje kuwakosea watu wote hao?"

"Labda ni mpole tu," alisema Mama Chiriku, huku akimkaza mtoto mgongoni.

"Mpole! Mpole huomba radhi mara moja akanyamaza. Yule kala vya watu, mdogo wangu. Ukimsikia mtu anaomba msamaha kwa sauti tamu vile, shika pochi yako."

Tangu siku hiyo mpangaji wa chumba cha mwisho akaitwa Dada Samahani, na jina likamng'ang'ania kama kupe. Mwenyewe alipolisikia alicheka. Alisema ameshaitwa mabaya zaidi, tena kabla ya chai ya asubuhi.

Mama Chiriku alikuwa na sababu yake ya kutoyameza maneno ya bombani. Chumba chake kilipakana na kile cha mwisho, na ukuta wa katikati ulikuwa wa mbao nyembamba, hata kikohozi kilipita bila hodi. Mwanawe, ambaye walimwita Chiriku kwa sababu halali mpaka apige kelele kwanza, alikuwa hataki kabisa usingizi wa mchana. Kabembelezwa, kaimbiwa, katembezwa ukumbini mpaka nyayo za mama yake zikawaka moto. Lakini sauti ile ya upande wa pili ikianza, pole sana, nakusikiliza, samahani kwa usumbufu, macho ya mtoto yalilegea, vidole vikafumbuka, akalala fofofo. Huko mbali watu wanatukana, na huku mtoto wa jirani anaota ndoto. Mama Chiriku aliona hilo si jambo la kupeleka bombani.

Siku moja mlango wa jirani ulifunguka, na Dada Samahani akachungulia.

"Mlete huku ndani, mdogo wangu. Kama anasikiliza bure huko nyuma ya ukuta, basi aje akae viti vya mbele."

Ndivyo walivyozoeana. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, kompyuta ndogo na blanketi lililotundikwa ukutani ili sauti isirudi. Hapakuwa na picha hata moja. Pazia la dirisha lilikuwa zito, limepigiliwa misumari pembeni, na mlango ulikuwa na komeo juu, komeo chini na kitasa kipya katikati. Mama Chiriku aliyaona hayo yote. Aliona pia kwamba Dada Samahani humpokea mtoto kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto ulibaki ubavuni, kama mgeni aliyekuja na mwenzake.

"Kwani kazi yako hasa ni nini, dada?" aliuliza.

"Kutukanwa."

"Jamani!"

"Kweli. Kuna tovuti moja, unaandika jina la mtu au namba ya simu, wanakuambia ni ya nani, anaishi wapi, ndugu zake ni akina nani. Unalipa, unasoma. Nusu ni kweli, nusu wanabahatisha. Wakibahatisha vibaya, mteja analetwa kwangu."

Na kweli waliletwa. Wakati mwingine walifoka kwa nguvu hata Mama Chiriku akawasikia wakivuja kwenye hedifoni. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeona namba ngeni inampigia mkewe kila jioni. Tovuti ikamwambia ni ya fundi wa majeneza wa mtaa wa pili. Akawachukua kaka zake, wakavamia karakana, wakamkaba fundi. Kumbe fundi aliiacha namba ile zamani, sasa ni ya kaka wa mke mwenyewe, aliyekuwa akimpigia dada yake kumpa habari za mama yao mgonjwa.

"Nimeaibika mbele ya majeneza!" bwana huyo alipiga kelele. "Mnasikia? Mbele ya majeneza!"

"Nakuelewa, bwana. Samahani sana," alijibu Dada Samahani, huku Mama Chiriku akiuma kanga yake asicheke.

Lakini si wote walichekesha. Kulikuwa na bibi aliyemtafuta mwanawe. Wakampa anwani, akaenda, akafunguliwa mlango na watu asiowajua. Wakampa nyingine, vivyo hivyo. Bibi huyo hakuwa na hasira hata kidogo. Alitaka tu kujua kama kuna nyingine tena. Siku hiyo Dada Samahani aliivua hedifoni, akakaa akiutazama ukuta.

Maneno yenyewe hayakuwa yake. Yalitokea kwenye kioo cha kompyuta, mstari baada ya mstari, naye akayasoma. Kuna mtu ofisini aliyesikiliza kwa siri, na ukiongeza neno lako unaitwa. Mteja akikataa samahani ya kwanza, ipo ya pili. Akikataa zote, anaambiwa suala lake linapelekwa kwa mkubwa.

"Huyo mkubwa wako yukoje?" Mama Chiriku aliuliza.

"Sijawahi kumwona. Nikimpelekea mtu, kinachopokea ni muziki."

Basi mchana mmoja ikaingia simu ambayo haikuvuja kabisa. Aliyepiga alikuwa ananong'ona. Mama Chiriku alisikia upande mmoja tu.

"Nakuelewa, mama... Ndiyo, ukurasa wako tunaweza kuufuta... Tunahitaji kwanza kuhakikisha kwamba ni wewe. Jina kamili. Namba unayotumia sasa. Mahali unapoishi sasa... Ndiyo, pa sasa... Hapana, mama, bila hivyo hatuwezi... Nasikitika kusikia hivyo. Je, huyo bwana bado anakutafuta?"

Hapo Dada Samahani akakifunika kipaza sauti kwa kiganja, akauambia ukuta, kwa sauti ambayo Mama Chiriku hakuwahi kuisikia: "Kata simu, mama. Kata. Usiwape."

Akaondoa kiganja. Mama wa watu hakukata. Alitaja kila kitu taratibu, hata akarudia jina la mtaa ili lisikosewe, na Dada Samahani akaandika.

"Si wanaufuta lakini?" Mama Chiriku aliuliza simu ilipokwisha.

"Wanafuta ya zamani. Kisha wanaweka mapya. Wao wanatafuta habari za watu usiku na mchana, na nyingi wanazopata zimeoza. Anayekuja kulalamika ndiye pekee anayewaletea mbichi, tena kwa mdomo wake mwenyewe. Kwao lalamiko ni mavuno."

"Na wewe umo humo?"

Dada Samahani alimtazama kwanza mtoto aliyelala.

"Nimo. Jina langu, namba niliyoitupa, nyumba niliyoihama. Yote makosa. Namwomba Mungu wasiyasahihishe, maana makosa yale ndiyo paa langu." Akaushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia. "Huu aliuvunja dereva mmoja wa lori, mume wangu. Aliuvunjia mlangoni, mimi nikitoka, yeye akifunga. Aliniambia dunia nzima ina barabara, na barabara ndiyo kazi yake."

 Mama Chiriku alikuwa ameishia darasa la saba, na maneno makubwa hakuwa nayo. Akainuka, akachemsha chai, akaweka sukari nyingi.

Siku chache baadaye walikuwa wameketi hivyo hivyo, Dada Samahani akiwa kwenye mapumziko yake ya mchana, simu yake mwenyewe ikalia. Alikuwa mama yake mzazi. Mama huyo huongea na simu kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto, kwa hiyo mazungumzo yakawa ya wote.

"Mwanangu, piga vigelegele! Nimekufutia!"

"Umenifutia nini, mama?"

"Lile jina lako! Si ulisema limo kwenye mtandao, linakunyima usingizi? Nikasema, mzazi gani huyu anakaa tu na mikono yake mizima? Nikaenda kwa fundi simu, akanitafutia namba yao, nikapiga. Kapokea binti mmoja, mpole huyo! Ana adabu kama yako."

Dada Samahani alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini polepole.

"Alikuuliza nini, mama?"

"Vyote, na vyote nikampa. Namba yako hii. Mtaa. Jengo. Nikamwambia chumba cha mwisho, mkono wa kushoto, wala hutoki, wakija saa yoyote watakukuta. Akaniambia asante mama, umetusaidia sana. Mbona kimya? Hukufurahi?"

"Nimefurahi, mama."

"Sasa utalala."

"Nitalala, mama. Umefanya vizuri. Mungu akuweke."

Alikata simu. Mama Chiriku alingoja alie, hakulia. Aliivuta kompyuta, akaandika jina lake, na ukurasa ukafunguka. Ulikuwa umeshaoshwa. Namba ile ile iliyokuwa imelia sasa hivi. Mtaa wao. Jengo lao. Hata chumba, kimeandikwa vizuri, bila kosa hata moja.

"Hawajawahi kunipatia sawasawa namna hii," alisema. "Kumbe walikuwa wanamngoja mama yangu."

"Lakini dada, wewe si wa hapo hapo? Futa!"

"Mimi sina ufunguo, mdogo wangu. Mimi ni mdomo tu."

Hata hivyo alijaribu. Aliipigia ofisi yake mwenyewe, kama mteja, kwa namba ya wateja. Akapokea mwenzake, akamsomea mistari yote. Mama Chiriku aliona midomo ya Dada Samahani ikitangulia, ikiyatamka maneno kimyakimya kabla mwenzake hajayafikia. Samahani ya kwanza. Samahani ya pili. Nakuelewa, dada. Kisha akaitoa simu sikioni, akaishika hewani kati yao, na muziki ukasikika.

"Tumsubiri mkubwa," alisema, akacheka vibaya.

Mama Chiriku alikuwa amemkumbatia mwanawe mpaka mtoto akalalamika. "Labda huyo dereva hataangalia," alisema.

"Ataletewa. Kila aliyewahi kulitafuta jina hupelekewa ujumbe pakiwa na habari mpya. Ujumbe hutoka saa sita mchana, na wa leo umeshatoka. Huu wangu utatoka kesho. Na yeye amelipia, anatafuta kila mwezi. Ofisi inampenda mteja wa namna ile. Hajawahi kulalamika."

"Basi hama, dada! Hama leo, nitakusaidia kufunga mizigo."

"Nimehama mpaka nimesahau milango. Na nikihama leo, kesho kutwa akifika hapo bombani, atakutana na nani?"

Hawakuhitaji kumtaja. Kutoka nje ilikuja sauti ya Mama Mbiu, akimsimulia mtu jinsi mwenye duka alivyorudishiwa posa.

"Yule atamtajia mpaka rangi ya gari lililobeba godoro," alisema Dada Samahani. "Wala hatamlipisha."

Kwa mara ya kwanza Mama Chiriku alihisi hasira iliyokosa pa kwenda. Angemkasirikia nani? Mama aliyempenda mwanawe? Binti mpole aliyesoma mistari? Alimtazama huyu aliyeketi mbele yake, aliyewaandikia wengine mitaa yao kwa mkono huo huo wa kulia, na hakuweza kumkasirikia hata yeye. 

Mapumziko yalikuwa yakiisha. Kwenye kioo taa ndogo ilianza kuwaka na kuzima, wateja wameanza kujipanga. Dada Samahani hakuivaa hedifoni. Alikisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Kuna watu wa namna moja tu ambao ofisi inawafuta bila kuuliza wanaishi wapi," alisema.

"Akina nani?"

"Waliokufa. Ndugu anapiga simu, anasema fulani amefariki, jina hili, aliwahi kuwa na namba hii. Ukurasa unafungwa siku ile ile, na wote waliokuwa wakimtafuta wanaandikiwa hivyo, kwamba hayupo tena. Ofisi haitaki kesi na wafiwa."

Mama Chiriku alielewa kabla hajaombwa.

"Dada, huo ni uchuro. Mtu hatabiriwi kifo akiwa anakunywa chai."

"Najua."

"Na mama yako akisikia?"

"Mama nitamwambia mwenyewe. Yeye atalia akiwa anajua nipo. Ila mimi siwezi kupiga. Sauti yangu wanaijua wote, wanaisikiliza kila siku. Na mama ameshapiga, wanaijua ya kwake pia."

Mtoto alinyoosha mkono, akaushika ule mkono wa kushoto usioinuka, akaanza kukitafuna kidole. Dada Samahani hakuutoa.

"Sina ndugu mwingine hapa, mdogo wangu. Kesho asubuhi, ukishamnyonyesha, piga. Sema wewe ni mdogo wangu anayenifuata. Sema nimekufa. Wakiuliza kwa nini, sema nilikuwa naumwa, wala usizidishe. Watakuambia samahani, watakuambia wanakuelewa, wewe waache wasome mpaka mwisho. Asiyelia huulizwa maswali mengi. Kwa hiyo nakuomba, ukiweza, nililie kidogo."