Aliyepoteza Msafara Kwenye Kilima Chake Mwenyewe

Jua la Desemba bado halijachomoza, na Desmond Tapsell tayari amepiga magoti kwenye nyasi zenye barafu juu ya kilima cha Whitelow. Anashindilia udongo kuzunguka nguzo mpya yenye mshale. Udongo wa hapa ni chokaa tupu, na suruali yake imeshakuwa nyeupe kama ya mpaka rangi.

Mwanamke mwenye mbwa wawili anapita na kupunguza mwendo.

"Des, nguzo nyingine tena? Si ufunge tu kamba kutoka baa mpaka huku, ukawa unaishikilia?"

"Za asubuhi, Pru," anajibu bila kuinua kichwa.

"Nakutania, bwana."

"Najua."

Pru akishapotelea bondeni, Des anajifuta mikono. "Wananitania kila siku," anasema. "Afadhali hivyo. Wakinyamaza ndiyo naumia."

Des ana miaka hamsini na minane, na ni mtunza njia. Chama cha wenyeji kinachomiliki kilima kinamlipa kwa siku tatu za wiki, ujira usiozidi wa muuza duka, na siku zilizobaki anakuja bure. Anafyeka vichaka vya miiba visije vikameza nyasi, anatengeneza malango, na anawahamisha kondoo ili majani yabaki mafupi na maua madogo ya kiangazi yapate pa kuota.

Njia anayoitunza inaanzia mlangoni mwa baa ya kijiji cha Fennacombe. Inapanda taratibu kwenye nyasi, inaingia msituni, inazunguka na kushuka hadi mlango uleule. Ni mwendo wa saa mbili kwa mtu asiye na haraka.

"Watoto wa chekechea wanaimaliza huku wanaimba," anasema Des. "Ndiyo maana sina pa kuuweka uso wangu."

Kila mwaka, siku inayofuata Krismasi, kijiji kizima hutoka na matumbo yaliyojaa bata mzinga na kuizunguka njia hiyo. Des hutangulia. Wakirudi, supu ya moto inawasubiri baa. Ameongoza matembezi hayo karibu miaka ishirini, na mwaka jana aliyaongoza kama kawaida, ila siku hiyo ukungu ulikuwa umefunika kilima chote.

Wiki moja kabla, Des alikuwa amefyeka kichaka kikubwa cha miiba kwenye kona ambapo njia inatoka msituni. Alikuwa pia ameng'oa nguzo ya mshale iliyooza, akipanga kusimamisha nyingine baada ya mwaka mpya.

"Kile kichaka nilikiona kila siku, sikujua kwamba ndicho kinachonionyesha pa kukata kona," anasema. "Nikakifyeka kwa mkono wangu mwenyewe."

Akaipita kona bila kuiona. Akashika njia ya wakata magogo, ambayo huuzunguka msitu na kumrudisha mtu alikotoka. Baada ya muda, mbele yake likajitokeza benchi la mbao lenye jina la marehemu Cyril Akehurst. Walikuwa wamelipita mwanzoni.

"Nilijua palepale," anasema Des. "Nikaendelea kutembea."

Watu arobaini waliokuwa nyuma yake walijua pia, na hakuna aliyefungua mdomo. Kumwambia mtu mbele za watu kwamba amepotea ni jambo ambalo Fennacombe hulifanya labda nyumba ikiwa inawaka moto. Wakajikausha. Wengine waliangalia viatu vyao, wengine wakausifia ukungu.

"Mume wangu alinifinya mkono," anakumbuka Pru, ambaye alikuwa katikati ya msafara. "Na mimi nikasema kwa sauti, 'Hee, benchi zuri hili!' Kama vile ndiyo kwanza naliona. Jamani, nikikumbuka natamani ardhi inimeze."

Mtu mmoja tu aliacha kutembea. Winifred Akehurst, mjane wa huyo Cyril, ana miaka themanini na moja. Alikaa kwenye benchi la mumewe, akafunga vizuri skafu yake, akawaambia waliokuwa karibu: "Nendeni tu, wapenzi. Mtanikuta hapahapa mkizunguka tena."

Wakacheka kidogo, wakaendelea. Des alikuwa mbele mno kusikia, na safari hiyo akaiona kona. Kwa hiyo hawakuzunguka tena.

Pale njia inapotoka msituni kuna lango. Kiongozi husimama hapo, hugeuka na kuwahesabu watu wake. Des alilifungua na kuendelea kushuka.

"Sikuhesabu," anasema. "Ukitaka kuhesabu lazima ugeuke uwaangalie watu machoni. Mimi ningewaangalia kwa macho gani? Nilitaka kufika tu, ninywe bia yangu, siku iishe."

Mwenye baa, Moira Hoadley, ndiye aliyekuwa anagawa supu. "Bakuli moja likabaki mkononi," anasema. "Nikauliza, Win yuko wapi? Watu wote wakaanza kutazama vijiko vyao. Nikajua kuna jambo la aibu hapa."

Des alitoka mbio. Alimkuta Winifred palepale benchini, midomo imebadilika rangi, hawezi kusimama. Des na waliomfuata walimteremsha wakimbeba, na nimonia ikamlaza hospitalini kwa wiki kadhaa. Alipona, lakini mapafu hayakurudi kuwa yale ya zamani.

Tangu siku hiyo Des anamkwepa. Hujipangia kwenda dukani wakati Winifred yuko kanisani. Aliwahi kumwachia maua mlangoni bila jina, ingawa kijiji kizima kilijua yametoka wapi. "Nani mwingine hapa angefunga maua kwa kamba ya kufungia majani ya kondoo?" anacheka Moira.

Matembezi ya mwaka huu ni wiki ijayo. Des amewaambia wanakamati wanaoyaandaa watafute mtu mwingine. Winifred naye ametuma ujumbe wake: daktari amemruhusu, na atakwenda iwapo Des ndiye atakayeongoza. Bila Des, haendi. Siku zinakwisha, na Des hajajibu.

Nyumba ya Winifred iko nyuma ya kanisa. Anafungua mlango mwenyewe, anapumua kwa nguvu hadi jikoni, na hataki kusaidiwa kubeba birika.

"Umekuja kuniuliza kama nimemkasirikia," anamwambia mwandishi akimimina chai. "Nilimkasirikia, ndiyo. Pale benchini nilimtukana matusi ambayo Cyril hakujua kama nayajua."

Anasukuma sahani ya pai ndogo za zabibu kavu.

"Lakini nami nina aibu yangu. Kilima kile nakipanda tangu nikiwa bibi harusi. Niliona mapema kwamba tumeipita kona, ningeweza kupiga kelele moja tu, 'Des, mwanangu, si huko!' Yangeisha hapo. Nikaona nitamwaibisha mbele ya watu. Nikakaa chini nikaleta utani. Sasa niambie, nani aliyeniacha pale? Si ni heshima zetu hizi?"

Anapooza chai.

"Mwambie maua yalikuwa mazuri, ila sikuyahitaji. Mimi nilikuwa namsubiri yeye. Nilimsubiri kwenye ukungu nikadhani ndiyo mwisho. Sasa mwaka mzima nipo hapa jikoni na bado namsubiri. Nimechoka kumsubiri huyo mtu."

Kilimani, Des anasikiliza maneno hayo akiwa ameshika nyundo. Anatazama bonde, paa la kanisa, moshi wa bomba la nyumba ya Winifred.

"Amesema bado ananisubiri?"

Anaambiwa ndiyo.

Kondoo wanasogea, wanakula, wanasogea. Kisha Des anaanza kukusanya vifaa vyake kwenye toroli, ingawa nguzo bado haijakaa sawa.

"Nitakwenda leo, kabla sijabadilisha mawazo," anasema. "Nimwombe radhi nikiwa nimesimama mbele yake, si kwa maua. Halafu nimwombe wiki ijayo atembee wa kwanza nyuma yangu, mwendo wetu uwe ule wa kwake."

Na kama ukungu utashuka tena?

Des anavua kofia, anajikuna kichwa kilichojaa vumbi la chokaa.

"Nitasimama," anasema. "Nitageuka, niwaangalie wote, mmoja mmoja. Halafu nitawauliza kwa sauti: jamani, hapa hatujapita?"