Wageni Kumi na Wanne Waliomfuata Hapahapa Hadi Sebuleni

Watu walimwita Hapahapa, maana kila alipowasimamisha wageni alianza, "Hapahapa mlipokanyaga..." Kazi yake ilikuwa kuwatembeza mjini kwa miguu, akiwaonyesha historia ya Waafrika isiyoandikwa kwenye vibao: ukuta uliojengwa na wafungwa, lango ambalo enzi za ukoloni mwenyeji hakupita bila kipande, kile kitambulisho cha lazima.

Jumamosi moja mafua yalimkaba, sauti ikabaki ya jogoo aliyenyeshewa. Akajikaza kisabuni hadi kituo cha mwisho, forodha ya zamani, akasema, "Tumemaliza, asanteni, kwaherini." Hakuna aliyesikia. Waliona midomo inacheza, wakaitikia kwa vichwa. Akageuka kwenda zake nyumbani, nao wageni kumi na wanne wakamfuata.

Kwa fundi viatu akaulizia kiatu cha mkewe.

"Njoo wiki ijayo," fundi akasema.

"Hata wiki jana ulisema hivyo!" akakoroma Hapahapa.

Wageni wakapiga picha. Mwalimu mmoja mstaafu akaandika daftarini: *Ahadi za mafundi, desturi ya kale.*

Masikio yameziba, Hapahapa hakugeuka nyuma. Alifika kwake, akavua shati, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji moto. Kuinua macho, sebule imejaa watu.

"Na hili beseni ni la karne gani?" akauliza mwalimu.

Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mume wangu, ndio nini hiki?"

"Nimewaaga hawa! Haki ya Mungu nimewaaga!"

Kelele zikamtoa mama mkwe chumba cha nyuma; alikuwa akiishi nao mwaka wa kumi na mbili sasa. Hapahapa akajifunika upesi kitambaa cha meza, vikombe vikamwagika. Bibi huyo akauliza wageni wanataka nini. Alipoambiwa wanatafuta historia, akavuta kigoda.

"Basi kaeni. Mkwe wangu anawaonyesha kuta tu. Wapagazi wa bandari walipogoma, barua zao alipeleka nani? Mimi, mtoto wa miaka tisa. Nilizificha kwenye ndoo, chini ya nepi za mdogo wangu. Askari akifunua tu, anafunika mwenyewe."

"Nepi zilikuwa chafu?" mwalimu akauliza, kalamu tayari.

"Safi zingemzuia nani?"

Sebule ikalipuka kwa kicheko. Hapahapa peke yake hakucheka. Miaka yote hiyo amezunguka mji akitafuta historia, na hii inalala upande wa pili wa ukuta wake.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini, baba? Humu ndani mwenye kusema ni wewe."

Siku hizi matembezi yanaishia sebuleni kwao, na bibi ndiye msimulizi. Hapahapa huketi nyuma kabisa na wageni, akinyoosha kidole kama mwanafunzi. Bibi humwona vizuri sana, ila humpa nafasi mwingine.