Mfunga miraa anayehesabu mapigo ya moyo wa bintiye

“Mama Linda, kwani mtoto umempa miraa?”

Swali hilo la jirani yake, Cicily, bado linamrudia Kathambi kila anapoketi kufunga miraa sokoni Kangeta, kaunti ya Meru.

Ni saa tatu asubuhi, na pikapu zinangoja mzigo. Kathambi, mjane wa miaka thelathini na sita, analinganisha vijiti, ambavyo vikitafunwa hufukuza usingizi na kuukimbiza moyo, anavikaza kwa kamba ya mgomba, anavifunika kwa jani. Kila amalizapo vibunda kumi, anafuta mikono kwenye leso, anashika kifundo cha mkono cha Linda, bintiye wa miaka tisa aliyeketi guniani kando yake, na kutazama simu.

“Mum, jana ulihesabu mara saba.”

“Na leo nitahesabu nane. Nyamaza, utanipotezea hesabu.”

Anahesabu dakika nzima. “Daktari alisema nusu dakika haitoshi,” anaeleza. “Moyo wake unaweza kwenda vizuri, halafu uruke pigo moja, halafu ukimbie kama umefukuzwa. Ukihesabu kidogo, unadanganyika.”

Yalianza na mafua mwezi wa Mei. Mafua yaliisha, Linda akabaki hoi. Akipanda kutoka mtoni, anakaa chini mara tatu. Kisha asubuhi moja akashika kifua: “Mum, kuna kitu kinaruka huku ndani.”

Kwingine pengine wangesema ni malaria. Kangeta, moyo ukienda mbio, watu huangalia meno kama yana ukijani wa miraa. Cicily alipouliza swali lake, Kathambi alimfungua mtoto kinywa, akamnusa. Mfukoni mwa sweta akapata kijiti kimoja, kilichoingia Linda alipokuwa akifagia sokoni. Ushahidi ukawa umepatikana.

“Nilimchapa,” anasema, na mikono yake inasimama katikati ya kibunda. “Nikamnywesha maziwa ya kukata miraa, nikamfungia ndani alale. Siku mbili nzima. Yeye ananiambia ukweli, mimi namwambia atubu.”

Jumapili hiyo Linda alianguka kanisani katikati ya wimbo wa watoto.

Hospitalini mjini Meru alibandikwa nyaya kifuani. Daktari alieleza kwamba baada ya yale mafua, misuli ya moyo ilikuwa imevimba, na moyo uliovimba huweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake. Alilazwa wiki tatu.

Sasa anameza dawa, na haruhusiwi kukimbia wala kuruka kamba hadi daktari aseme. Kila siku ya kliniki mama yake hukosa kibarua cha shilingi mia nne. Hilo halilalamikii. Katika daftari la shule anamoandika hesabu zake, mapigo yaliyokuwa yakipita mia na themanini yameshuka hadi themanini na nane.

“Namshukuru Mungu, na kuhesabu siachi,” anasema. “Alhamisi nitasimama mbele ya akina mama wa kanisa niseme nilichofanya. Mtoto mwingine asichapwe kwa sababu ya moyo wake.”

Kabla hajafunga kibunda kinachofuata, Cicily mwenyewe anatokea, amemshika mkono Kananu, bintiye wa miaka sita.

“Mama Linda, niambie ukweli. Huyu alicheza hapa jana. Aliokota miraa? Tangu asubuhi moyo unamwenda mbio, na kile kikohozi cha wiki jana kimemwacha bila nguvu. Nimemchemshia maziwa, yako huko yanapoa.”

Wafungaji wengine wanageuka. Mmoja anacheka chinichini: “Leo swali limerudi kwa mwenyewe!”

Kathambi hamtazami aliyecheka. Anafuta mikono kwenye leso, anashika kifundo cha Kananu, anatazama simu. Dakika nzima. Cicily anaangalia midomo yake ikihesabu.

“Mimi si daktari, sijui ni nini,” anasema hatimaye. “Lakini mimi nilingoja siku mbili, Mama Kananu. Wewe usingoje hata hayo maziwa yapoe.”

Cicily anambeba mtoto mgongoni na kuelekea barabarani kutafuta gari la hospitali.