Gauni la Kijani la Lorena

Jirani yangu Verdie Combs hajawahi kukiacha kitambaa na rangi yake. Maganda ya vitunguu, maganda ya kokwa za jozi, magugu ya kando ya barabara, vyote huchemshwa kupata rangi. Mumewe Estill hulala na soksi miguuni, eti akizivua atazikuta sufuriani.

Mjukuu wao Lorena alipotaka kuolewa, aliomba gauni alilolivaa bibi yake harusini. Kukaa sandukuni kulikuwa kumelitia madoa. "Litie manjano, bibi," alisema, "kama maua ya kondeni yanayochanua Septemba."

Verdie alichuma maua kapu zima, akalilowesha gauni kwenye maji ya shabu ili rangi ishike. Kisha akaitafuta sufuria yake nyeupe, akaikuta nyuma ya ghala. Estill alikuwa anamwoshea mbwa humo.

"Estill! Sufuria yangu ya rangi!"

"Nilidhani ni beseni, mke wangu. Na mbwa ametakata, mwangalie."

Verdie hakutaka manyoya ya mbwa kwenye gauni, akatumia chungu kikuukuu cha chuma. Alijua chuma huitia rangi giza, lakini alijipa moyo kwamba mara moja tu hakitadhuru. Gauni likaibuka kijani, kijani cha mwani juu ya mawe ya kijitoni.

Verdie aliketi barazani, machozi yakimlengalenga. Estill akazunguka gauni mara mbili. "Si baya. Asisimame karibu na miti tu, bwana harusi asije akampoteza."

"Nyamaza, baba wee."

Lorena alipofika jioni, alilishika upindo, akaligeuzageuza. Kisha akauliza, "Bibi, nani amewahi kuolewa akiwa amevaa kijani?"

"Chura," Verdie akajibu kinyonge.

Msichana akacheka hadi akashika nguzo. Alipolijaribu, nywele zake nyekundu ziliwaka juu ya ile rangi, na Estill, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akavua kofia.

Jumamosi kanisani, bwana harusi alimtazama Lorena hata akasahau maneno ya kiapo. Mchungaji akamkumbusha mara mbili. Baada ya ibada wifi yake Verdie, Ocie, asiyesifu hata mkate wake mwenyewe, akamvuta pembeni.

"Wifi, kijani kile umekipataje? Ulikikusudia?"

Verdie hasemi uongo kanisani. Akamshika Ocie mkono, akamtoa kwanza hadi uani.