Jiko la Kubana Nyama

Kifua cha baba kimebeba vumbi la mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu la kutosha kufyatulia matofali ya nyumba ya vyumba vitatu. Moshi wa mkaa ukimgusa tu, anakohoa mpaka kuku wa mtaa wetu mzima wa Nyasubi wanakimbia. Wiki ile alikuwa akinywa uji tu, na kitu pekee alichotamani ni nyama choma. Nikampeleka dukani kuona jiko la umeme la kuchomea ndani, lile lenye mabamba mawili yanayobana nyama katikati.

"Shikamoo mzee," muuzaji akasema. "Hili halina moshi. Jaribu mwenyewe."

Tulikuja na kipande chetu cha mbuzi. Kikabanwa, kikaiva, baba akatabasamu kwa harufu. Akakitafuna muda ambao mimi ningemaliza mbuzi mzima na kamba yake, kisha akakitoa mdomoni na kukifunga kwenye leso.

"Si tamu?" nikauliza.

"Tamu, ila haishuki. Linunue tu, mwanangu. Utamchomea mama yako."

Nikamwambia muuzaji tunakwenda kufikiria kwanza. Njiani baba akaniuliza tunafikiria nini, nami, mwenye maneno kuliko redio, nikamuuliza tu kama unga wa uji bado upo nyumbani.